Kwa nini plasta za Henry Moore ziko Toronto

Henry Moore, mchongaji wa sanamu, alikuwa Mwingereza kwa kila hali. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1898 huko Castleford, mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika eneo la Yorkshire, mtoto wa saba kati ya wanane wa baba mchimba makaa. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza katika jeshi la Uingereza, akadhurika kwa gesi ya sumu kwenye mapigano ya Cambrai mwaka 1917, akarudi kusomea sanaa Leeds na kisha London. Kuanzia mwaka 1940, nyumba yake ya London ilipoharibiwa na mabomu, alihamia Perry Green, kijiji cha Hertfordshire, na huko ndiko alikofanyia kazi mpaka alipofariki mwaka 1986.

Pamoja na hayo yote, anayetaka kuona mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa kazi zake unaomilikiwa na makumbusho ya umma itambidi avuke bahari ya Atlantiki. Uko Toronto, nchini Kanada, katika jumba la Art Gallery of Ontario: kazi zaidi ya 900, ukihesabu sanamu, michoro na chapa. Moore hakuwahi kuishi huko.

Hilo ni fundo la kwanza. La pili liko ndani ya jumba lenyewe, na kwangu ndilo lenye maana zaidi. Mgeni akiingia katika ukumbi mkubwa wa Moore anakutana na umati wa maumbo meupe na ya rangi ya mfupa: wanawake waliojinyoosha chini, miili yenye matundu katikati, vipande viwili vilivyotazamana. Nyingi ni za plasta, yaani jasi iliyokaushwa. Rahisi kudhani kwamba hizi ni sampuli tu, na kwamba sanamu zenyewe, zile za shaba, ziko kwingine. Ziko kwingine kweli, katika viwanja na bustani za miji mingi duniani. Lakini hizo za shaba ndizo zilizotokana na hizi nyeupe.

Meya, sanamu na barua ya wasanii 41

Mwaka 1965 Toronto ilifungua jumba jipya la jiji, kazi ya msanifu kutoka Ufini, Viljo Revell: minara miwili iliyopinda, na katikati yake ukumbi wa baraza wa mviringo. Revell alitaka uwanja wa mbele, Nathan Phillips Square, uwekwe sanamu ya Moore, na alikwisha kuanza mazungumzo naye kabla ya kufariki mwaka 1964. Kazi iliyochaguliwa inaitwa Three-Way Piece No. 2: The Archer. Ni bonge la shaba lisilo na kichwa wala mkono, limesimama juu ya ncha tatu, na sura yake hubadilika kila unapopiga hatua kulizunguka.

Baraza la jiji likakataa kutoa fedha. Watu wengi hawakuelewa bonge lile ni kitu gani, na wengine waliona ni ubadhirifu. Meya Philip Givens hakukubali yaishe. Alichangisha kwa watu binafsi, fedha zikatimia, na sanamu ikazinduliwa mwezi Oktoba 1966. Desemba ya mwaka huohuo Givens akashindwa uchaguzi, na mpaka leo wanaosimulia siasa za Toronto huitaja sanamu ile miongoni mwa sababu za kushindwa kwake. Kwa Moore, habari ilikuwa nyingine kabisa: kuna mji wa mbali ambao watu wake, wakinyimwa fedha na wakubwa, wametia mikono mifukoni mwao ili wampate. Binadamu hasahau jambo la namna hiyo.

London mambo yalikuwa yakienda kinyume. Moore alikuwa amejitolea kuipa Tate, jumba la sanaa la taifa, sehemu kubwa ya kazi zake, na serikali ilikuwa tayari kusaidia upanuzi wa jengo. Ndipo mwezi Mei 1967 gazeti la The Times likachapisha barua iliyotiwa saini na wasanii 41 wakipinga mpango huo. Mmoja wao alikuwa Anthony Caro, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa msaidizi wa Moore, akilipwa mshahara na Moore, akijifunza katika karakana ya Moore. Unaweza kukisia jinsi saini ile ilivyomuuma mzee.

Hata hivyo barua ile isomwe kwa haki. Haikusema sanamu za Moore ni mbaya. Ilisema kwamba fedha za umma na nafasi katika jumba la taifa visitengwe kwa msanii mmoja, tena aliye hai, wakati wasanii wa kizazi kipya hawana pa kuonyesha. Nadhani hoja hiyo ina uzito hadi leo, na kila makumbusho yanayotaka kujenga chumba cha mtu mmoja yanapaswa kuijibu. Jumba la sanaa lina kuta chache. Chumba kikishaandikwa jina la mtu kwa sharti la kudumu, hakifunguki tena kirahisi kwa mwingine, hata ladha ya watu ikibadilika, hata akitokea bora zaidi. Huko Kanada pia walikuwapo wasanii walionung'unika: kwa nini Mwingereza ajengewe jumba na wenyeji wabaki wakisubiri?

Toronto ilikuwa na jambo lililoifaa kwa wakati ule. Jumba lake la sanaa, ambalo mwaka 1966 lilikuwa limebadilishwa jina kutoka Art Gallery of Toronto kuwa Art Gallery of Ontario, lilikuwa likijiandaa kupanuka na halikuwa na mkusanyiko mkubwa wa sanaa ya karne ya 20 wa kulipa jina duniani. Viongozi wake wakamfuata Moore. Mwezi Desemba 1968 akakubali: atatoa kazi zake, nao watajenga mahali pa kuziweka. Kituo cha Henry Moore kilifunguliwa tarehe 26 Oktoba 1974. Moore mwenyewe alishiriki kupanga ukumbi mkuu, akitaka uwe na mwanga wa jua unaoshuka kutoka juu, kwa sababu umbo lenye mabonde na vilima hukaa kimya chini ya taa isiyobadilika na huzungumza mwanga unapohama.

Tate haikubaki mikono mitupu. Mwaka 1978, Moore alipotimiza miaka 80, aliipa sanamu 36. Ila zawadi kubwa ilikwisha kuvuka bahari.

Kutoka kuchonga hadi kujenga

Ili kuelewa kwa nini zawadi ile ilijaa plasta, lazima turudi nyuma kidogo.

Katika miaka ya 1920 na 1930 Moore alikuwa mfuasi mkali wa kuchonga moja kwa moja. Alikuwa akiingia British Museum mara kwa mara kutazama sanamu za Meksiko ya kale, za Misri, za visiwa vya Pasifiki na za Afrika, na alichokiona ni kwamba wachongaji wale hawakujaribu kulifanya jiwe lifanane na nyama. Jiwe lilibaki jiwe, mti ukabaki mti. Yeyote aliyewahi kumtazama fundi wa Kimakonde akishughulika na gogo la mpingo anaijua kazi hiyo: unaanza na kitu kizima, unapunguza kwa tezo na patasi, na ulichoondoa hakirudi. Moore mchanga aliamini kwamba huo ndio uchongaji wenye adabu, na kwamba kufinyanga kwa udongo kisha kumkabidhi fundi mwingine anakili kwenye marumaru ni udanganyifu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili msimamo huo ulilegea. Alishinda tuzo ya kimataifa ya uchongaji huko Venice mwaka 1948, na maombi yakaanza kumiminika kutoka kwa serikali, vyuo vikuu, benki na mabaraza ya miji. Kila mmoja alitaka kitu kikubwa cha kuweka nje. Jiwe lina mipaka yake: ni zito, huvunjika likifanywa jembamba, na kila moja huchukua miezi. Shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, hutoa sanamu yenye uwazi ndani, huvumilia mvua na theluji, na huweza kubeba mkono mwembamba ulionyooka hewani bila kukatika. Zaidi ya yote, hutolewa nakala.

Lakini shaba haichongwi. Husubiwa, humiminwa ikiwa uji wa moto wa nyuzi zaidi ya 1,000 ndani ya kalibu, na kalibu haina budi kuchukuliwa kutoka kwenye umbo lililokwisha kukamilika. Umbo hilo, kwa Moore, lilikuwa la plasta.

Plasta yenyewe ni ileile anayofungwa mtu aliyevunjika mguu: unga wa jasi uliochomwa, ukichanganywa na maji unakuwa uji, na baada ya dakika chache umeshika. Moore aliipenda kwa sababu inaruhusu njia zote mbili. Ikiwa mbichi unaijenga, unaongeza bonge hapa na pale. Ikikauka unaikata, unaipiga tupa, unaichonga kama jiwe laini. Aliyelelewa katika kupunguza akapata malighafi inayokubali pia kuongeza.

Kazi ilianzia kwenye kiganja. Katika vibanda vyake vya Perry Green alikuwa na meza zilizojaa mifupa, kombe, mizizi na mawe ya gumegume aliyookota mashambani, yale yenye matundu na vifundo vya ajabu. Aliweza kuchukua jiwe, akaligandamiza kwenye udongo, akamimina plasta kwenye alama ile, kisha akaongeza kipande na kupunguza kingine mpaka mfupa ukawa bega, na bega likawa mlima. Kielelezo hicho cha sentimita chache alikigeuza mkononi, akikitazama kutoka chini na kutoka nyuma. Kikimridhisha, kilikuzwa kuwa cha kati, chenye ukubwa unaoweza kuwekwa juu ya meza au sakafuni. Kisha, mteja akitaka, kikakuzwa tena kuwa cha ukubwa kamili.

Kukuza ni kazi ya vipimo. Juu ya kielelezo huwekwa alama nyingi za penseli, na umbali kati ya alama na alama huzidishwa. Kwa umbo kubwa hujengwa kwanza kiunzi cha mbao, juu yake wavu wa waya, kisha vitambaa vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka kwa tabaka. Kazi hii ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi, vijana waliotoka vyuo vya sanaa. Moore alirudi mwishoni kuushughulikia uso: kukwaruza hapa, kulainisha pale, kuacha mikwaruzo ya tupa inayofuata mzunguko wa paja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kutumia pia povu jepesi la plastiki badala ya plasta kwa yale makubwa mno, kwa sababu hukatika haraka na halina uzito.

Hapa pana jambo linalopaswa kusemwa wazi, maana mara nyingi plasta kubwa husifiwa kuliko inavyostahili. Ukitafuta alama za vidole vya Moore, plasta kubwa si mahali pa kwanza pa kutafuta. Zile ndogo, zinazoenea kiganjani, ambazo wageni huzipita ndani ya makabati ya vioo wakikimbilia ukumbi mkuu, ndizo alizozifanya peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Ipi ni halisi?

Plasta ikikamilika, ilikatwa vipande na kusafirishwa kwenda kwa mafundi wa kusubu. Kwa kazi kubwa Moore aliwategemea sana Noack wa Berlin. Huko kila kipande kilitengenezewa kalibu yake, shaba ikamiminwa, vipande vikaunganishwa kwa kuchomelewa, maungio yakasuguliwa yasionekane, kisha uso ukapakwa tindikali na kupashwa moto ili upate rangi ya kijani au ya kahawia. Nakala ikapewa namba. Kwa kawaida Moore aliweka kikomo: nakala chache za kuuza, pengine nne, sita au tisa, pamoja na moja ya kwake mwenyewe.

Ndiyo maana sanamu yake moja inaweza kuwa katika miji kadhaa kwa wakati mmoja bila ulaghai wowote. King and Queen, wale mfalme na malkia wembamba walioketi kwenye benchi, ya mwaka 1952 hadi 1953, wako Antwerp, wako Washington, wako London, wako Atami nchini Japani. The Archer ya Toronto ina ndugu yake Berlin. Large Two Forms, ile kubwa inayomilikiwa na jumba la Toronto, iko pia Bonn, mbele ya iliyokuwa ofisi ya kansela wa Ujerumani Magharibi.

Basi ipi ni halisi? Biashara ya sanaa hujibu kwa hesabu. Nchini Ufaransa, kwa mfano, sheria huzitambua kuwa kazi halisi nakala 12 za shaba: 8 zenye namba za kawaida na 4 za msanii. Ya 13 inahesabiwa kuwa kopi. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha ya 12 na ya 13. Tofauti iko kwenye karatasi.

Plasta inaitia hofu hesabu hiyo, kwa kuwa mwenye plasta anaweza kutoa nakala nyingine. Rodin, mchongaji Mfaransa, alipoipa serikali ya Ufaransa kazi zake zote mwaka 1916, alitoa pamoja na haki ya kusubu, na makumbusho yake yaliendelea kutoa shaba mpya miongo mingi baada ya kifo chake. Degas, mchoraji Mfaransa aliyefinyanga pia, alikufa mwaka 1917 akiwa ameonyesha hadharani sanamu moja tu, ya nta, ya msichana wa dansi. Shaba zote za yule msichana wa dansi zilizotapakaa duniani zilisubiwa baada yake, yeye hakuiona hata moja. Kwa ajili hiyo ilikuwa desturi ya wengi kuivunja plasta mara idadi ya nakala ikitimia. Mnunuzi anatulia, bei inalindwa.

Moore naye alivunja baadhi. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kuziona plasta kuwa kazi kamili. Nyingine alizipaka rangi hafifu ili ziache kuwa nyeupe pe, kwa sababu weupe mtupu humeza vivuli na kulifanya umbo lionekane bapa. Swali likawa: uzipeleke wapi? Mnunuzi wa kawaida hazitaki, hazikai nje, hazivumilii unyevu wala kugongwa. Makumbusho yaliyo tayari kuzipa ukumbi mzima, yenye mwanga kutoka juu na hali ya hewa inayodhibitiwa, yalikuwa jibu ambalo soko lisingeweza kulitoa. Plasta iliyoingia katika jumba la umma inapona nyundo, na inatoka katika mzunguko wa biashara.

Hapa ndipo ninapoona kwamba wasanii 41 walikuwa na hoja sahihi ambayo haikugusa suala hili. Shaba za Moore hazikuhitaji chumba cha kudumu. Zilikuwa na viwanja vya dunia nzima. Plasta ndizo zilizohitaji, nazo zina maana zikiwa pamoja, kidogo kando ya kikubwa, ili mtu aone wazo likikua kutoka sentimita 10 hadi mita tatu na mahali lilipopotoshwa na ukuaji huo. Maana si kila kitu kinachopendeza kikiwa kiganjani huendelea kupendeza kikiwa kikubwa kuliko mtu. Baadhi ya kazi za mwisho za Moore, kwa maoni yangu, zilikuzwa kwa sababu mteja alikuwa na uwanja, na ukizitazama pamoja na vielelezo vyake unaona kabisa nguvu ilibaki kwenye kile kidogo. Ushahidi wa aina hiyo, unaomsifu na kumsuta msanii kwa pamoja, huwezi kuupata mbele ya shaba moja bustanini.

Shaba yenyewe si ya milele kama tunavyoambiwa. Desemba 2005 wezi waliingia katika viwanja vya Perry Green na kuondoka na Reclining Figure ya tani mbili na ushee, iliyokadiriwa thamani ya pauni milioni 3. Polisi walifikia kuamini kwamba ilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa pauni zisizozidi 1,500 hivi.

Kwa anayefika Toronto

Afadhali kuanzia kwenye The Archer, uwanjani, kisha kutembea kuelekea magharibi hadi Dundas Street West. Nyuma ya jumba la sanaa, ndani ya Grange Park, ipo Large Two Forms. Kwa zaidi ya miaka 40 ilikaa kwenye kona ya barabara, watoto wakiteleza ndani ya mashimo yake na watu wazima wakipiga picha wamejiegemeza. Mwaka 2017 ikahamishiwa bustanini. Tazama sehemu za ndani, zinapofikiwa na mikono na suruali za watoto: rangi imelika, shaba imeng'aa kama bakuli lililosuguliwa. Moore alifurahi sanamu zake zikiguswa, na ya shaba inamudu.

Ndani ya ukumbi, kugusa hakuna. Inama badala yake. Usisimame mbele ya plasta kwa umbali wa heshima. Sogea hadi pale unaporuhusiwa, uangalie uso kwa pembeni mwanga ukiwa umelala. Utaona mikwaruzo ya tupa, ikikaza mahali umbo linapojipinda na kulegea linaponyooka. Katika baadhi utaona alama za penseli za wapimaji, mistari ya maungio ambapo vipande vilikatwa, na madoa yaliyoachwa na mafundi walipochukua kalibu. Shaba hurithi mikwaruzo. Alama za penseli, madoa na maungio hayo hairithi, kwa kuwa hufutwa au kusuguliwa njiani. Ukishayaona, nenda kwenye makabati ya vielelezo vidogo, utafute kile kilichozaa umbo kubwa ulilotoka kulitazama, na uchukue muda wako hapo kuliko ulivyochukua ukumbini.